Waliopatana Bei ya Mto Rufiji

Ukitoka Dar es Salaam kwa barabara ya Kilwa unapita Mbagala, Mkuranga na Jaribu, na kama ni msimu wake utaona mananasi, maembe na korosho zilizokaangwa zimepangwa kando ya barabara, mpaka ufike Kibiti. Hapo Kibiti utachagua njia. Ya kwanza inakata kulia kwenda Mkongo, na ukifika Mkongo mto umekuzibia. Utete uko ng'ambo. Kwa miaka mingi watu, baiskeli na magunia ya mpunga vimevushwa hapo kwa kivuko na kwa mitumbwi. Njia ya pili inaendelea hadi Ikwiriri, inavuka Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, lenye urefu unaokaribia kilometa moja, na ukifika Nyamwage unakunja kulia kurudi kuufuata mto.

Utete si mji mkubwa. Ni makao makuu ya Wilaya ya Rufiji, una hospitali ya wilaya, ofisi za serikali, maduka, misikiti na miembe ya zamani. Wenyeji ni Wandengereko, na Wamatumbi, na wengineo walioolewa na kuoa humo, wengi wao Waislamu. Mkristo akifika mgeni hatapata shida ya kupokewa. Atapewa mkeka akae, na mkeka wenyewe utakuwa mzuri, maana akina mama wa Rufiji ni mafundi wa kusuka ukindu, na wanajua kuutia rangi ukapendeza mpaka unaona haya kuukanyaga.

Tena wanajua kupatana bei. Mgeni anayesimama mbele ya fungu la perege wabichi au kambale wa kukaushwa hana budi kuanza na adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu samaki."

Hapo ndipo bei inatajwa, mnunuzi anashangaa, muuzaji anauliza kama huko mjini samaki wanaokotwa, mnunuzi anageuka kana kwamba anaondoka, anaitwa, wanacheka, na mwisho anaongezwa kisamaki kimoja cha nyongeza. Hakuna aliyeshindwa. Nimeanza na fungu hili la samaki kwa sababu mto walikotoka samaki hao nao umepatanwa bei, tena mara nyingi, na watu wa mbali sana: wafalme, mabalozi, mabenki na marais. Akina mama wa Utete, ambao wangeweza kuwafundisha wengi wa wakubwa hao namna ya kupatana, hawakuwapo mezani.

MTO WENYE KAWAIDA YAKE

Rufiji huundwa na mito mitatu mikubwa inayokutana huko juu: Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu. Bonde lake linachukua karibu sehemu moja ya tano ya Tanzania Bara. Mvua inayonyesha Iringa, Mbeya, Njombe na Morogoro hushuka hapa kwa sehemu kubwa, ikipita mbele ya Utete, kisha mto unajigawa vijito vingi katika delta yenye hekta zipatazo 53,000 za mikoko, na kumwagika baharini mkabala na kisiwa cha Mafia.

Kwa vizazi vingi mto huu ulikuwa na kawaida yake kama mwanamke mwenye nyumba. Mpunga ulisiwa mvua za kwanza zilipoanza, Desemba au Januari, ili mimea ipate kimo kabla mto haujafurika. Machi na Aprili maji yalipanda na kutambaa mashambani, yakaacha tope jeusi lenye rutuba. Maji yalipoondoka, watu walivuna mpunga, kisha wakapanda mahindi, kunde na maboga katika ule unyevu uliobaki. Kilimo hicho cha pili wenyewe hukiita mlau. Hakihitaji mbolea ya dukani wala mvua. Maji hayohayo ya mafuriko yaliyajaza maziwa yaliyo kandokando ya mto na kuwaingiza samaki, ndiyo maana mwaka wa mafuriko ya kadiri ulifuatiwa na mwaka wa kitoweo kingi.

Mtu wa Rufiji hakuyaita mafuriko balaa. Alijenga dungu, kibanda cha kukaa juu ya miti mirefu, akalala humo na watoto akilinda mpunga wake dhidi ya ndege na nguruwe, maji yakipita chini. Mafuriko makubwa kupita kiasi yalikuwa jambo jingine. Ya mwaka 1968 yaliharibu mazao mengi, na baada yake Serikali ikawahamisha watu kutoka bondeni kwenda nchi ya juu, katika zoezi lililoitwa Operesheni Rufiji. Huko juu zikaja shule na zahanati, na hilo lilikuwa jema. Lakini mashamba yalibaki chini. Nani aliyetembea kila siku kutoka kijiji kipya hadi shamba la zamani, jembe begani na mtoto mgongoni? Wewe msomaji unajua jibu bila kuambiwa.

UKUTA WA WAMISRI

Kiasi cha kilometa mia juu ya Utete, mto hupita katika korongo jembamba la mawe. Wajerumani waliliita kwa jina la mhandisi wao Stiegler, ambaye inasimuliwa kwamba aliuawa na tembo huko mwaka 1907. Mahali hapo leo pana ukuta mkubwa na nyuma yake bwawa linaloweza kubeba maji mita za ujazo zaidi ya bilioni 30. Hilo ndilo Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa ya kutoa umeme wa megawati 2,115. Wakati mkataba wake unatiwa saini, megawati hizo zilikuwa nyingi kuliko uwezo wa mitambo yote ya umeme iliyokuwapo nchini.

Waliojenga ni Wamisri: kampuni za Arab Contractors na Elsewedy Electric. Mkataba ulitiwa saini Dar es Salaam tarehe 12 Desemba 2018, Waziri Mkuu wa Misri akishuhudia pamoja na Rais John Magufuli. Thamani yake ilikuwa shilingi trilioni 6.5 na zaidi.

Kwa nini Wamisri? Ili kulijibu swali hili inabidi tutoke Utete kwa muda, twende kaskazini, kwa sababu hakuna taifa katika Afrika lililoonja utamu na uchungu wa kupatana juu ya maji kama Misri. Funzo lao kubwa ni Mfereji wa Suez.

TAMBI ZA MWANA WA MFALME

Inasimuliwa kwamba Said, mwana wa Muhammad Ali mtawala wa Misri, alikuwa kijana mnene, na baba yake alimnyima chakula na kumfanyisha mazoezi makali. Mfaransa mmoja wa ubalozini, Ferdinand de Lesseps, alimhurumia, akawa anamkaribisha kwake na kumlisha tambi. Miaka ikapita. Mwaka 1854 Said akawa mtawala, na de Lesseps akarudi Misri haraka. Tarehe 30 Novemba mwaka huohuo alikuwa ameshapewa ruhusa ya kuchimba mfereji wa kuunganisha Bahari ya Mediterania na Bahari ya Shamu, na kampuni yake kuutumia kwa miaka 99. Akina mama, tusidharau sahani ya chakula. Kuna mikataba iliyoanzia jikoni.

Lakini urafiki si hesabu. Waingereza waliupinga mfereji, wakiogopa Wafaransa wataishika njia ya India. Sultani wa Uturuki, aliyekuwa juu ya Misri, alisitasita miaka mingi. Hisa zilizokosa wanunuzi Ulaya Said alijitwisha yeye. Wakulima wa Misri walichukuliwa kwa shokoa, maelfu kwa maelfu kila mwezi, kuchimba mchanga jangwani. Sultani na Waingereza walipolalamikia shokoa hiyo, na Ismail aliyerithi kiti mwaka 1863 alipotaka kuikomesha, shauri likapelekwa kwa Mfalme Napoleon III wa Ufaransa awe msuluhishi. Fikiria: kampuni ni ya Wafaransa, na hakimu ni mfalme wa Wafaransa! Mwaka 1864 aliamua kwamba Misri iilipe kampuni faranga milioni 84 kwa kuiondolea watu wa shokoa na ardhi.

Mfereji ulifunguliwa tarehe 17 Novemba 1869 kwa karamu kubwa, malkia wa Ufaransa akiwapo. Miaka sita baadaye Ismail alikuwa amezama katika madeni. Mwaka 1875 akaziuza hisa zote za Misri kwa Serikali ya Uingereza, walewale waliokuwa wameupinga mfereji, kwa pauni karibu milioni 4. Mwaka 1882 majeshi ya Uingereza yakaingia Misri, na hayakutoka kwa miaka zaidi ya 70.

Mfereji huo ulifika mpaka kwetu. Tangu mwaka 1872 meli za barua za kampuni ya Kiingereza zilianza kuja Unguja kwa ratiba, na barua, wafanyabiashara, wamisionari na wanajeshi wakafika pwani yetu upesi kuliko zamani. Mwaka 1890 Wajerumani walimlipa Sultani wa Zanzibar maki milioni 4, wakachukua pwani yote ya Tanganyika, midomo ya Rufiji ikiwa humo. Milioni nne tena! Lakini wakati ule pauni moja ilikuwa sawa na maki kama 20. Kwa hiyo hisa za Ismail katika mfereji mmoja ziliuzwa kwa bei ya mara ishirini ya pwani yetu nzima, na miji yake, na minazi yake, na watu wake. Mama anayeuza kambale Utete asingekubali mapatano ya namna hiyo hata kwa fungu moja.

Na mwaka 1915, meli ya vita ya Kijerumani Königsberg ilipokuwa imejificha ndani ya mikoko ya delta, Waingereza walizileta meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, zikivutwa kutoka Malta kupitia mfereji huohuo wa Suez. Tarehe 11 Julai meli ya Wajerumani ikaishia mtoni Rufiji. Ni njia ndefu, lakini ndivyo maji ya Misri na ya Rufiji yalivyokutana kwa mara ya kwanza.

JULAI 26

Mwaka 1956 Rais Gamal Abdel Nasser wa Misri alitaka kujenga bwawa kubwa la Aswan katika Mto Naili. Marekani, Uingereza na Benki ya Dunia zilikuwa zimeahidi fedha. Mwezi Julai Marekani ikajitoa, na Uingereza ikafuata. Nasser hakubembeleza. Tarehe 26 Julai 1956 alisimama mbele ya umati Alexandria, akatangaza kwamba Mfereji wa Suez sasa ni mali ya Misri na ushuru wake utajenga bwawa. Kulikuwa na vita, kulikuwa na vitisho, lakini mfereji ulibaki kwake, na bwawa likajengwa kwa msaada wa Warusi. Kampuni ya Arab Contractors ilikuwa miongoni mwa walioijenga Aswan.

Sasa angalia tarehe. Jiwe la msingi la bwawa la Rufiji liliwekwa na Rais Magufuli tarehe 26 Julai 2019. Sisemi kwamba lilipangwa hivyo. Ila hadithi zenyewe zinafanana sana. Bwawa la Rufiji lilianza kutafitiwa miaka ya 1960, na katika miaka ya 1970 Wanorwei walifanya upimaji mkubwa, na Sheria ya mwaka 1975 ikaunda mamlaka ya kuendeleza bonde, RUBADA. Wafadhili wakahesabu, wakasitasita, wakaacha. Baadaye Wabrazili nao walikuja wakazungumza, wakaondoka. Magufuli alipoingia aliamua kwamba fedha zitatoka hazina yetu wenyewe. Wahifadhi wa mazingira walipiga kelele, maana bwawa liko ndani ya eneo la Selous, lililokuwa urithi wa dunia tangu mwaka 1982. Mwaka 2021 kamati ya UNESCO iliwekewa pendekezo la kuiondoa Selous katika orodha hiyo, na ikaamua kuiacha.

Mnunuzi mzuri haulizi bei katika kibanda kimoja. Mwaka 2017 Tanzania ilizungumza kwanza na Ethiopia, ambayo ilikuwa inajenga bwawa lake kubwa katika Naili ya Buluu, na wataalamu wa Ethiopia walifika nchini kushauri. Mwezi Agosti mwaka huohuo Rais Abdel Fattah el-Sisi wa Misri akazuru Dar es Salaam. Ethiopia na Misri walikuwa katika ugomvi mkali juu ya Naili, na Tanzania ikawa imewakaribisha wote wawili sebuleni. Zabuni ilipofunguliwa, kazi wakapata Wamisri.

Misri ilikuwa na sababu zake. Mwaka 1929 Uingereza na Misri zilipatana kwamba nchi za juu za Naili, zilizokuwa chini ya Waingereza, zisiyaguse maji ya Ziwa Viktoria na mito yake bila ridhaa ya Misri. Tanganyika haikuulizwa. Mwalimu Nyerere, akiwa kiongozi wa nchi changa, alikataa. Mwezi Julai 1962 Tanganyika ilizipelekea Uingereza, Misri na Sudan barua kwamba mkataba huo hauifungi. Hakutukana mtu, alisema tu kwamba aliyetia saini hakuwa sisi, na kwamba yuko tayari kuzungumza upya. Nasser na Nyerere waliendelea kuwa marafiki. Mazungumzo yalichukua karibu miaka 50, mpaka tarehe 14 Mei 2010 Tanzania ilipokuwa miongoni mwa nchi za kwanza kusaini mkataba mpya kule Entebbe. Misri haikusaini.

Kwa hiyo Misri ilihitaji marafiki miongoni mwa majirani wa Naili, na ilihitaji kuonyesha kwamba haichukii mabwawa ya wengine. Rufiji ulikuwa mto unaofaa sana kwa jambo hilo, kwani hauendi Naili hata tone moja. Mimi nadhani Tanzania ililijua hilo, na ililitumia vizuri.

NANI ALIYEKAA MEZANI?

Hapo ndipo ninaporudi Utete. Katika mapatano yote haya, kuanzia tambi za Said mpaka saini ya Desemba 2018, waliozungumza ni watu wa juu. Fellahi wa Misri hakuulizwa juu ya mfereji. Wanubi walihamishwa kwa maelfu bwawa la Aswan lilipojaa. Wakulima wa chini ya Aswan waliopata tope la bure kila mwaka walianza kununua mbolea, na sadini waliokuwa wakivuliwa kwa wingi mbele ya delta ya Naili walipotea kwa miaka mingi, kwa sababu maji yenye chakula chao hayakushuka tena.

Delta yetu nayo ina kamba. Kamba hukulia katika vijito vya mikoko, mahali maji matamu ya mto yanapochanganyika na ya chumvi. Vijiji vya delta, hadi Nyamisati wanakopandia boti za Mafia, huishi kwa kamba, samaki, uduvi na mpunga. Maji matamu yakipungua wakati usiofaa, chumvi hupanda mtoni, na mpunga haupendi chumvi.

Isidhaniwe kwamba watu wa huku ni wanyonge tu wa kuonewa huruma. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni moja ilitaka maelfu ya hekta za delta kwa ajili ya kufuga kamba, na Serikali ikakubali. Wanakijiji wengi walikwenda mahakamani. Mradi ule haukujengwa. Na tukumbuke pia kwamba mwakilishi wa Rufiji bungeni baada ya uhuru alikuwa mwanamke, Bibi Titi Mohamed. Mwaka 1965 Warufiji hao hao wakamwangusha katika uchaguzi. Hawamwogopi mtu.

Katika mkataba wa bwawa lilikuwamo fungu la jamii. Mkandarasi alitakiwa kutoa asilimia 4 ya thamani ya mkataba kwa huduma za jamii, yaani shilingi zaidi ya bilioni 262. Kazi ya bwawa ilitakiwa kwisha Juni 2022, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali aliandika kwamba sharti hilo lilikuwa halijatekelezwa. Bilioni 262! Mama mwenye kawaida ya kudai nyongeza ya samaki mmoja na kuiona kikapuni kabla hajaondoka ataelewa kilichokosekana. Nyongeza huwekwa kikapuni kabla fedha hazijatoka kwenye kitambaa, si baada.

Neno la Mungu lina mwanamke aliyejua jambo hili. Jina lake ni Aksa, binti Kalebu, naye habari zake ni mistari michache tu katika Yoshua 15 na tena katika Waamuzi 1, kiasi kwamba wengi wetu tunampita. Baba yake alimwoza kwa Othnieli na kuwapa ardhi ya kusini, nchi kavu. Aksa aliona kwamba ardhi bila maji ni zawadi ya jina. Alimshauri mumewe waombe, kisha akapanda punda, akaenda kwa baba yake mwenyewe, akashuka kwa heshima, akasema anachotaka: chemchemi za maji. Kalebu hakukasirika. Alimpa chemchemi za juu na za chini pia. Mara nyingi nimesikia wanawake wakifundishwa unyamavu kwa mifano ya Biblia, lakini sijasikia somo moja la akina mama juu ya Aksa. Aliomba mapema, aliomba kwa jina la kitu chenyewe, na alipata za juu na za chini.

MAJI YA APRILI

Rais Samia Suluhu Hassan alianzisha kujaza bwawa tarehe 22 Desemba 2022. Mtambo wa kwanza ulianza kutoa umeme Februari 2024, na mwaka 2025 yote tisa ilikuwa imekamilika. Tusiwe wepesi wa kudharau jambo hili. Sisi tuliojifungua kwa mwanga wa koroboi, tuliopoteza chanjo kwa jokofu la zahanati kuzimika, tunajua umeme ni nini. Na mkaa unaopikiwa Dar es Salaam kwa sehemu kubwa hutoka misitu ya Pwani, Rufiji na Kibiti zikiwamo. Umeme ukiwa mwingi na wa bei nafuu, misitu hiyo nayo itapumua.

Lakini Aprili 2024, bwawa likiwa limejaa na mvua za El Niño zikiwa zimezidi, maji yalilazimika kufunguliwa, na bonde lote la chini likafurika. Nyumba zilizama, mpunga na mahindi vikaoza, maelfu ya watu wa Rufiji na Kibiti wakahama. Wananchi wengi walilaumu bwawa. Serikali na Shirika la Umeme, TANESCO, wakaeleza kwamba sababu ni mvua, na kwamba bila bwawa kuyazuia kwanza hali ingekuwa mbaya zaidi. Huenda ni kweli. Mafuriko makubwa yalikuwapo kabla ya ukuta, na waliokuwa watu wazima mwaka 1998 wanayakumbuka. Hata hivyo kuna tofauti moja ambayo maelezo yale hayaigusi. Zamani mto ulipanda wenyewe, na wazee walisoma dalili zake: rangi ya maji, takataka zinazoelea, mvua iliyoonekana upande wa juu. Sasa kuna lango, na lango lina mtu anayelifungua.

Kwa hiyo mapatano hayajakwisha, yamehama tu kutoka kwa marais kuja ngazi ya chini. TANESCO inataka maji yakae bwawani yazungushe mitambo. Wakulima wa mpunga wa Usangu na wenye miwa wa Kilombero wanataka yao kabla hayajafika bwawani, na mabwawa ya Kidatu na Mtera yana haki yake tangu zamani. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, yenye ofisi Iringa, ndiyo inayogawa. Watu wa chini wanahitaji aina mbili za maji: ya kutosha kila siku ili chumvi isipande delta, na ya kufurika kwa kadiri, Machi na Aprili, ili maziwa yajae na tope lifike mashambani. Umeme hauyali maji. Yakishapita mtamboni hushuka yote. Kinachopatanwa hapo ni mwezi na kiasi, na wahandisi wanaweza kupanga yote mawili wakiambiwa mapema na watu wanaojua.

Wanaojua wako Utete, Mkongo, Muhoro, Mbwera na kwingineko. Katika vikao vya vijiji wakati wa kupanga maji, wanaume hukaa mbele kwenye viti na akina mama nyuma kwenye mikeka, na ajenda ya kalenda ya mlau huenda isitajwe kabisa kwa sababu aliyeandika ajenda halimi mlau. Mama aliyesia mpunga wake Desemba anataka kujua lango litafunguliwa wiki gani, maji yatapanda mpaka mti upi, na nani atakayemletea habari dunguni usiku, siku tatu kabla.